Kinywa cha Eliza, Sauti ya Lawino: Matamshi na Fasihi katika Ujifunzaji wa Kiingereza

Ufundishaji wa Kiingereza katika shule za sekondari nchini Kenya unaweza kutazamwa kupitia nguzo nne: matamshi, fasihi, utamaduni na uandishi wa kubuni. Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, lugha hiyo na fasihi yake ziliunganishwa kuwa somo moja. Hata hivyo, kuunganisha masomo katika mtaala si sawa na kuyaunganisha katika akili ya mwanafunzi. Ushahidi ni mtihani wa KCSE wenyewe, ambamo stadi za kuzungumza hutahiniwa kwa maandishi. Mtahiniwa huulizwa ni neno lipi linalotamkwa sawa na jingine, naye hujibu kwa kalamu. Yamkini akajizolea alama zote pasi na kufungua kinywa.

Makala haya yanazichunguza kazi mbili ambazo zinalimulika tatizo hili kutoka pande mbili zinazokinzana: tamthilia ya George Bernard Shaw, Pygmalion, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza 1913, na utungo wa Okot p'Bitek, Song of Lawino, uliochapishwa Nairobi 1966. Hoja inayotetewa ni kwamba matamshi hayamfanyi mtu kuwa msemaji mpaka awe na jambo la kusema, na kwamba fasihi ndiyo inayomwezesha kulipata jambo hilo.

Katika Pygmalion, Eliza Doolittle ni muuza maua wa London anayetamani kuajiriwa katika duka la maua, lakini lahaja yake inamfungia mlango. Profesa Higgins, bingwa wa fonetiki, anajigamba kwamba katika muda wa miezi michache anaweza kumfanya msichana huyo adhaniwe kuwa mke wa mtukufu. Anamnoa irabu na konsonanti kama fundi anayenoa panga. Matokeo yanaonekana katika onyesho la tatu, Eliza anapopelekwa barazani kwa mama yake Higgins. Ameonywa asivuke mada mbili tu: hali ya hewa na afya za watu. Matamshi yake hayana doa. Lakini mazungumzo ya afya yanapomkumbusha shangazi yake, anaanza kueleza kwa lafudhi ya kiungwana jinsi anavyoshuku kwamba marehemu aliuawa na watu wa nyumbani kwake. Kicheko cha hadhira kinatokana na mpasuko huu: kinywa kimehama, ilhali maisha yamebaki palepale.

Wahakiki wengi huliona onyesho hilo kama mzaha juu ya matabaka ya Uingereza. Kwa hakika ni mzaha, lakini pia ni uhakiki wa mbinu ya ufundishaji. Higgins amefundisha sauti bila utamaduni unaozibeba, wala hakumuuliza mwanafunzi wake yeye mwenyewe angependa kusema nini. Katika onyesho la mwisho Eliza anajifananisha na mtoto aliyepelekwa nchi ya kigeni akaisahau lugha yake. Anakiri kwamba elimu yake ya kweli ilianza pale Kanali Pickering alipomwita kwa heshima, si pale Higgins alipomrekebisha. Kwa maneno mengine, aliyempa sauti ni yule aliyemsikiliza.

Lawino anasimama upande wa pili. Huyu ni mwanamke wa Kiacholi ambaye mumewe msomi, Ocol, humtukana kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Anasimulia jinsi alivyojaribu kuhudhuria darasa la jioni la dini, ambako wanafunzi walirudia maneno wasiyoyaelewa, wakipiga kelele kama ndege. Akaliacha darasa hilo, akaenda zake ngomani. Kitendo hiki kimefasiriwa kama ukaidi wa mshikilia mila. Lakini kikitazamwa kwa jicho la ujifunzaji wa lugha, Lawino anaikataa kasumba ileile ya Higgins, yaani kinywa kufanyizwa kazi huku akili imeachwa nje. Ngomani kila sauti ina maana, na kila mwimbaji ana zamu ya kujibu.

Kinaya ni kwamba msomaji asiyejua Kiacholi humsikia Lawino kwa Kiingereza, kwa kuwa Okot alijifasiria utungo wake. Mwenyewe alikiri kwamba tafsiri iliangamiza mapigo na vina vya asili. Kilichosalia ni yale yasiyoweza kuondolewa katika usemi wa mdomo: takriri, maswali ya balagha, na miito kwa watu wa ukoo. Haya ndiyo yanayoifanya kazi hii kuwa shule bora ya matamshi. Mwanafunzi hawezi kuisoma kwa sauti pasipo kuamua hapa Lawino anakejeli, hapa analia, hapa anambembeleza mumewe. Akishaamua, mkazo na kiimbo hupata sababu.

Pingamizi moja haliepukiki. Kiswahili kina irabu 5, ilhali Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na takriban 20, zikiwemo irabu unganifu. Mwanafunzi asiyetofautisha "ship" na "sheep" hataokolewa na ushairi peke yake. Ni kweli, na zoezi la kurudiarudia sauti lina nafasi yake. Lakini liwe mtumishi wa usemi, wala lisiwe mbadala wake.

Nguzo ya nne, uandishi wa kubuni, inathibitisha hoja hii kihistoria. Utungo wa Okot haukusomwa tu, ulijibiwa. Okello Oculi alichapisha Orphan 1968, Joseph Buruga akafuata na The Abandoned Hut 1969, naye Okot mwenyewe akampa mume kinywa katika Song of Ocol 1970. Hakuna aliyewaamuru washairi hawa kuandika insha ya maneno kadhaa. Walisikia sauti iliyowagusa, wakataka kuitikia. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi wake amjibu Lawino kwa niaba ya Ocol, kisha alisome jibu hilo mbele ya wenzake, atakuwa amezikutanisha nguzo zote nne katika kipindi kimoja.

Lawino naye hana budi kuhojiwa. Mapenzi yake kwa mila humfumba macho asione manufaa ya maarifa ya mumewe, na hatima ya Eliza yaonyesha kwamba lafudhi inaweza kuwa mkate. Kinachobainika ni kwamba kinywa cha Eliza kilifunzwa kabla ya kusikilizwa, ilhali sauti ya Lawino ilisikilizwa hata kabla ya kufunzwa Kiingereza. Mtihani unaopima matamshi kwa kalamu haujamsikiliza yeyote kati yao.