Mkono wa Mtoto na Mlango wa Shule

Wahenga walitwambia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kila tunapokusanyika kuzungumzia malezi, methali hiyo ndiyo hufungua mkutano. Hatuna ugomvi na wahenga. Ugomvi wetu ni na sisi wenyewe, tulioshika neno la kukunja tukasahau neno la ubichi. Katika madarasa mengi ya watoto wadogo, yale tunayoyaita chekechea, mtoto wa miaka minne huketishwa, huamriwa anyamaze, kisha huimbishwa a, e, i, o, u mpaka sauti ikamkauka. Zamani tuliziita shule hizo shule za vidudu, na jina hilo lilisema wazi jinsi tulivyomwona mtoto. Amekunjwa, ndiyo. Je, amefunzwa?

Swali hili twaliuliza tukiwa Makongolosi, wilayani Chunya, mkoani Mbeya. Huku ni nchi ya dhahabu. Mbio za dhahabu za Lupa, zilizopamba moto katika miaka ya 1930, zilileta watu wa kila namna, na hadi leo Wasafwa, Wanyakyusa, Wasukuma na wengineo hukutana kwenye maduara ya wachimbaji wadogo wakitafuta riziki. Baba yumo shimoni. Mama yuko karibu na karasha, au anawapikia wachimbaji. Mtoto wa miaka mitatu yuko wapi? Mara nyingi yuko papo hapo vumbini, anaokota changarawe na kuzipanga, kubwa kwanza, ndogo baadaye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi za hatari, nasi twaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini sheria ikishamwondoa mtoto mgodini, ni wajibu wetu sisi watu wazima kujua twampeleka wapi.

Mtoto kama huyu ndiye aliyempa Maria Montessori kazi yake. Daktari huyo wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1870, alifungua chumba kimoja tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma. Ulikuwa mtaa wa mafukara, na watoto waliokusanywa humo ni wale ambao wazazi wao walishinda kazini. Akakiita Nyumba ya Watoto. Yafaa tulikumbuke jambo hili, kwa sababu leo jina la Montessori huandikwa kwenye mabango ya shule ambazo mtoto wa mchimbaji hawezi hata kukaribia lango lake.

Alifanya nini katika chumba hicho? Alipunguza maneno ya mwalimu, akaongeza kazi ya mkono wa mtoto. Watoto wa miaka mitatu hadi sita walikaa pamoja, mdogo akimtazama mkubwa, kama wanavyokaa katika nyumba zetu. Walimimina maji, walifagia, walifunga vifungo. Walipewa gogo lenye matundu kumi na vipande kumi vya mti vyenye umbo la mche duara, kila kimoja kikiwa na tundu lake. Mtoto akikosea, mwishoni hubaki na kipande kisichoingia mahali pake. Hakuna anayemgombeza. Kazi yenyewe ndiyo inayomwambia kwamba amekosea, naye huvitoa vyote akaanza upya.

Sisi tunaotunga mashairi twalielewa jambo hili upesi. Anayezijua mizani hangoji mhariri amwambie kwamba mstari wake umechechemea. Sikio lake mwenyewe humshtaki. Huo ndio mwanzo wa kujitegemea katika sanaa, na twadhani ndio mwanzo wa kujitegemea katika kila jambo. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, watu wengi waliona jembe na shamba la shule tu. Lakini kujitegemea huanza mapema zaidi, siku mtoto anapogundua kosa lake na kulisahihisha bila kuogopa fimbo.

Hapo ndipo maandalizi ya shule yanapoonekana. Vidole vitatu vinavyoshika kitasa kidogo cha kipande cha mti ndivyo vitakavyoshika penseli. Kisha mtoto hupewa herufi zilizokatwa katika msasa. Huzipapasa kwa kidole huku akitamka sauti ya kila moja, hata mkono ukaijua herufi kabla jicho halijaanza kusoma neno. Hesabu nayo huja kwa shanga: moja, kumi katika uzi mmoja, mia katika mraba, elfu katika mchemraba. Anayeibeba elfu mikononi mwake huhisi uzito wake, nalo neno elfu halimpiti tena kama upepo. Zaidi ya hayo, amezoea kuchagua kazi, kuimaliza na kuirudisha mahali pake. Mtoto wa namna hii huingia darasa la kwanza akiwa na nusu ya KKK mkononi.

Tena, lugha yetu yaipokea njia hii vizuri. Montessori alianza na Kiitaliano, lugha ambayo kwa sehemu kubwa huandikwa kama inavyotamkwa. Kiswahili ni hivyo hivyo, pengine zaidi. Mtoto akiijua sauti ya m na ya a, ameshaandika mama. Basi twashangaa kuona shule za watoto wadogo, baadhi zikiwa na jina la Montessori mlangoni, zikiiacha bahati hii na kumwanzisha mtoto kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi moja hubadili sauti kila inapohama neno. Mzazi huuziwa fahari, mtoto akapewa kitendawili kisicho na jibu. Hilo twalilaumu bila kificho.

Hata mwenyewe Montessori hatumpokei bila kumchuja. Alipenda mtoto mdogo ashike vitu halisi, naye alikuwa na mashaka na hadithi za kubuni kwa umri huo. Hapa tunaachana naye. Mtoto wetu hulelewa kwa hadithi za sungura na fisi, kwa vitendawili, kwa nyimbo za kombolela. Anayejibu "Tega!" ameshajifunza kusikiliza, kungoja zamu na kufikiri. Chumba kilichojaa vifaa lakini hakina hadithi kingekuwa chumba maskini.

Wengine watasema kwamba vifaa hivyo ni ghali. Si lazima viwe ghali. Seremala wa Makongolosi aweza kutoboa gogo. Msasa huuzwa dukani. Mbegu za mahindi na maharagwe, vibuyu na mchanga safi twavyo tele. Kilicho adimu ni mwalimu aliyefundishwa kunyamaza na kutazama. Masista wa Kanisa Katoliki wamewafunza walimu wa Montessori hapa nchini kwa miaka mingi, Msimbazi jijini Dar es Salaam na Lushoto mkoani Tanga pakiwa miongoni mwa mahali hapo. Maarifa hayo yanastahili kufika katika madarasa ya awali ya serikali, kwani Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, na tangu mwaka 2016 ada iliondolewa. Huko ndiko aliko mtoto wa mchimbaji.

Linabaki jambo moja, nalo twawaambia walimu wenzetu wa darasa la kwanza. Mtoto aliyezoea kuchagua kazi na kuuliza huingia katika chumba chenye watoto wengi na mwalimu mmoja mwenye chaki. Akisimama, huitwa mtundu. Akiuliza, huambiwa asubiri. Baada ya miezi michache amejifunza kungoja kuambiwa. Twajua mzigo wa mwalimu huyo, wala hatumdharau. Lakini twapenda kusema kwamba ni vigumu kumwandaa mtoto kwa ajili ya shule ikiwa shule haijaandaliwa kwa ajili yake. Mwalimu na atenge japo kona moja ya darasa, yenye mbegu, herufi za msasa na shanga, na nusu saa kila siku ambayo mkono wa mtoto utaachwa ufanye kazi. Hapo yule aliyekuwa akipanga changarawe kwenye vumbi la karasha ataendelea na kazi aliyokwisha kuianza mwenyewe.