Mswaki, Chanuo na Mkono Mwepesi

Chombo cha kwanza cha kumsafishia mtoto wa paka ni mswaki uliochakaa. Mpya haufai, nyuzi zake ni kali. Utafute ule uliolegea, ule uliokuwa unangoja kusugulia viatu. Uchovye katika maji ya uvuguvugu, uukung'ute, kisha uupitishe mara moja tu kutoka kwenye paji la uso hadi shingoni, ukifuata manyoya yanakolala. Mkono ukiwa mwepesi, mtoto atafumba macho. Anadhani mama yake amerudi.

Hilo sikulijua siku nilipompokea Dagaa. Aliokotwa chini ya meza ya muuza samaki kule Deep Sea, Tanga, akaletwa kwangu ndani ya kipande cha kiroba. Hakufika nusu kilo. Manyoya yalikuwa yamegandamana kwa maji ya samaki na mchanga, na viroboto wakimtembea mpaka kwenye kope. Jirani wa kwanza aliyemwona alisema apakwe mafuta ya taa. Wa pili alikuja na unga wa viroboto alioununua kwa ajili ya mbwa wake. Wa tatu, mama mwenye huruma kuliko wote, alikuwa ameshajaza beseni na kutia ile dawa ya usafi inayogeuza maji kuwa meupe kama maziwa.

Wote watatu walimtakia mema, na kila mmoja angeweza kumuua. Paka hujilamba, kilichopakwa mgongoni asubuhi, adhuhuri kiko tumboni. Mafuta ya taa huchoma ngozi, na yakiingia kifuani huharibu mapafu. Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina pamethrini, sumu ambayo ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa; mnyama huanza kutetemeka, kisha hushikwa na degedege. Ile dawa ya maji meupe nayo ni ya jamii ya fenoli, na ini hilohilo hushindwa nayo. Fundi wa kazi hii huanza kwa kukataa. Nilimshukuru kila jirani, nikamwaga maji ya beseni, nikabaki na mnyama mchafu mapajani bila kujua la kufanya.

Mwalimu nilimpata uani. Paka jike wa nyumba ya pili alikuwa na watoto wake nyuma ya mapipa, nikakaa kumtazama. Mtoto wa paka huzaliwa macho yamefumba, na kwa wiki tatu hivi hawezi hata kwenda haja mwenyewe. Mama humlamba tumbo na makalio ndipo mkojo utoke. Kumbe kulambwa si urembo. Ni uhai wenyewe, na ndiyo lugha ya kwanza anayoisikia duniani. Ulimi huo ukikugusa mkononi unaukwaruza kama msasa, kwa kuwa umeota mamia ya vijimiba vinavyoelekea kooni, vya kitu kilekile kinachounda kucha. Mwaka 2018 watafiti Alexis Noel na David Hu wa Georgia Tech, huko Atlanta, Marekani, walionyesha kwamba ncha ya kila kijimwiba ina uwazi mithili ya kijiko, unaochota mate na kuyafikisha mpaka kwenye ngozi. Wakaunda burashi ya kuuiga ulimi huo. Nami naamini mswaki wangu na bakuli la maji ya uvuguvugu ni ndugu wa mbali wa burashi hiyo.

Baada ya mswaki huja chanuo la chawa, lile la meno yaliyobanana ambalo mama zetu walitupitishia vichwani kabla shule hazijafunguliwa. Weka pembeni bakuli la maji ya sabuni, na kila kiroboto unayemnasa mzamishe humo. Kwenye maji matupu anaweza kuelea na kuruka tena. Anza shingoni, nyuma ya masikio, kisha shina la mkia, maana huko ndiko wanakojificha. Ukiona chembe nyeusi, ziweke juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Zikitoa rangi nyekundu ya kutu, ujue si vumbi. Ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya huyo uliyempakata. Hapo muinue mdomo umtazame fizi. Zikiwa nyeupe, weka chanuo chini, nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani mtoto mdogo huweza kufa kwa kunyonywa damu tu. Kitambaa anacholalia nacho kifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kwa sababu mayai ya kiroboto hayakai juu ya paka, huanguka.

Kuoga huja mwisho, tena kwa nadra. Dagaa nilimwogesha mara moja tu, saa sita mchana, baada ya kuyapima maji kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Povu la kwanza liwe kola shingoni, maana viroboto wakiona mafuriko hukimbilia usoni. Kisha taulo, kisha kanga, kisha kifuani, mpaka awe mkavu kabisa. Paka mdogo aliyelowa hupoteza joto upesi, na baridi humuondoa kabla ya uchafu.

Kucha ndizo zilizonifunza zaidi. Zipo 18: tano kila mguu wa mbele, nne kila mguu wa nyuma. Bonyeza kidole taratibu, ukucha uchomoze, uutazame kwenye mwanga. Sehemu ya waridi iliyo ndani ni hai na ina damu. Inayokatwa ni ile ncha nyeupe peke yake. Siku ya kwanza nilikata ukucha mmoja, nikamwachia. Siku ya pili nilikata mbili. Wiki mbili zilipita kabla ya kumaliza miguu yote, na sikuona hasara yoyote.

Maana ufundi wenyewe uko hapo, katika kuacha. Msusi mzuri hamalizi kwa nguvu kichwa cha mtoto aliyechoka kukaa. Humpa andazi, akamwita tena alasiri. Paka naye husema amechoka, tena mapema: mkia hupiga sakafu, ngozi ya mgongo hucheza, masikio hulala nyuma. Asiyejua husubiri mpaka akwaruzwe, kisha akasema paka ni mkali. Anayejua huondoa mkono mnyama akiwa bado anautaka. Waswahili walisema paka hakubali kulala chali. Ni kweli, lakini Dagaa aliyekuwa akichanwa mgongo kwa dakika tatu kila jioni alijipindua mwenyewe mwezi wa pili, akanipa tumbo. Udongo uupate ungali maji: paka aliyezoea mikono katika majuma yake ya mwanzo huikubali ukubwani, na aliyekosa nafasi hiyo hukua shume anayeruka ukuta akimwona mtu.

Watu wa pwani hatuna ugomvi na paka. Hulala misikitini asimkemee mtu, na maji aliyoyanywa hutawadhiwa. Sahaba Abdurrahman tunamjua zaidi kwa lakabu ya Abu Huraira, baba wa kipaka, kwa sababu alikuwa akibeba paka mdogo. Nasi tuna methali yetu kwamba paka wa nyumba haingwa. Lakini kutofukuzwa hakutoshi. Tunamrushia kichwa cha samaki, tunamwachia kibaraza, naye anajikuna usiku kucha mbele ya macho yetu mpaka ngozi inatoka ukurutu.

Sifa za mafundi wetu tunazitoa kwa kazi tunayoiona: kofia iliyodariziwa, hina iliyokolea, mlango uliochongwa. Kazi hii haina cha kuonyesha. Hata mwenyewe hanipi sifa. Dagaa sasa ana miaka miwili, na kila nikimaliza kumchana hushuka mapajani, huenda mlangoni, akajilamba upya kila nilipopita, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Lakini kesho yake jioni, nikifungua droo ya chanuo, huja mbio.

Ukiletewa mtoto wa paka, mafuta ya taa yaache kwenye kibatari na dawa ya mbwa iache kwa mbwa. Tafuta mswaki uliochakaa, chanuo la chawa na dakika tatu. Ya nne iache mpaka kesho.