Alama Isiyogawa Kitu

Mtoto wa Dagahaley, kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, husoma nembo kabla hajasoma herufi. Akiona samawati kwenye turubai anajua ni shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi. Akiona mkono ulioshika masuke kwenye gunia anajua ni Mpango wa Chakula Duniani. Alama nyekundu hospitalini ni ya Madaktari Wasio na Mipaka. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kwa rangi juu ya matangi, ndoo, milango ya vyoo na fulana ni majina ya watoaji. Jina la anayepokea liko kwenye kadi yake, kwa herufi ndogo.

Ndiyo maana vijana wa klabu ndogo ya filamu waliponiomba niwasaidie kupata nembo na mabango, kazi ile ilinikaa moyoni kuliko nyingi nilizolipwa. Walitaka alama isiyogawa kitu. Isiseme "pokea", iseme "karibu". Niliwaza juma zima kabla sijashika penseli.

Filamu yenyewe si ngeni huku. FilmAid, shirika lililozaliwa mwaka 1999 wakati wa vita vya Kosovo, lilileta sinema ya usiku katika kambi za Kenya: watu wameketi chini, skrini imesimama mbele yao, watoto wamejipanga hadi miguuni pa projekta. Shirika hilo hilo liliwafundisha vijana kushika kamera na kuhariri. Wengi waliojifunza wamekuwa watu wazima sasa, na wadogo zao wanataka kuchagua wenyewe cha kuonyesha. Anayechagua hana budi kusema yeye ni nani.

Tulianza kwa kuondoa rangi. Samawati ina mwenyewe. Nyekundu ina mwenyewe pia, tena udongo wa Dadaab ni mwekundu na vumbi lake hupanda juu ya kila ukuta. Ukiandika kwa nyekundu, baada ya miezi miwili ukuta umekumeza. Bango letu la kwanza tulilichapisha mjini kwa kompyuta, karatasi nzuri yenye kung'aa, uso wa msichana umejaa katikati. Jua lilianza kula wekundu, kisha njano. Baada ya wiki chache msichana alikuwa wa buluu mtupu, kama aliyekufa kwa baridi, katika eneo hili lisilojua baridi. Tangu siku hiyo tukakubaliana: nyeusi na nyeupe, rangi ya mafuta, kwa mkono.

Nembo ilitoka kwenye jina. Dagahaley, kwa Kisomali, ni mahali penye mawe. Mmoja wa wasichana alichora mawe matatu kama mafiga, na pale ambapo sufuria hukaa akaweka mstatili mweupe. Basi. Sikuongeza mstari hata mmoja, na ninasema kwa heshima yote kwamba miaka yangu katika kazi hii isingenipa wazo zuri kuliko hilo. Mafiga ndipo watu wanapokusanyika giza likiingia; kila mama anaelewa bila kufafanuliwa. Tamasha la filamu la Zanzibar lilichukua jahazi, lile la Ouagadougou likachukua farasi wa binti mfalme Yennenga, na hakuna aliyehitaji kuwaeleza wenyeji maana yake. Mafiga ya Dagahaley yana haki ya kukaa katika ukoo huo. Tena yana faida ya kifundi: mawe matatu na mstatili hukatwa kwa wembe kwenye kadibodi kwa dakika chache, na yeyote mwenye kiolezo hicho na kopo la rangi anaweza kuiweka nembo kwenye bati, ubao au mkokoteni wa punda, nayo ikatoka vilevile.

Mabango tunachora juu ya magunia. Wachoraji wa Ghana walifanya hivyo miaka ya 1980 na 1990: wenye vibanda vya video waliosafiri kijiji kwa kijiji na televisheni na jenereta waliwaagiza picha kubwa zilizopakwa juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Leo picha hizo zinatundikwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Sisi gunia tunalipindua nje ndani, kwa sababu upande wa ndani hauna maandishi ya mtu. Uzi wake wa plastiki una tabia zake. Rangi ya maji hubanduka, ya mafuta hushika. Mstari mwembamba hukatika kila brashi inaporuka uzi, kwa hiyo herufi lazima ziwe nene, zenye kusimama kama nguzo.

Na herufi hizo zinahitaji nafasi. Kisomali kilipata maandishi yake rasmi ya Kilatini mwaka 1972, na irabu ndefu ndani yake huandikwa mara mbili. Neno la usiku wa leo ni *caawa*. Hiyo *c* ni sauti ya koo, ile ain ya Kiarabu. Mchoraji aliyezoea Kiswahili huona *aa* akadhani moja inatosha. Haitoshi; msomaji wa Kisomali ataona kosa kutoka ng'ambo ya barabara na kujua bango limeandikwa na mtu asiyemjua. Kisomali kinakaa juu, Kiswahili chini yake, ukubwa mmoja.

Saa hatuandiki kabisa. "Saa moja" ya Mswahili na "saba" ya anayefuata hesabu ya Kizungu zimeshawapotezea watu jioni nyingi. Tunaandika: baada ya Magharibi. Dadaab iko karibu kabisa na ikweta, jua huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, na mwadhini anatangaza bila malipo.

Picha ndiyo inayohitaji adabu kuliko yote. Wapo wazee wasiopenda sura ya mtu ukutani, na bango linalomkera mzee limekwisha kupoteza watazamaji wa nyumba nzima. Kwa hiyo tunatafuta kitu badala ya uso. Nilipochora bango la filamu ya Khadar Ayderus Ahmed kuhusu mchimba makaburi wa Djibouti anayetafuta fedha za kumtibu mkewe, ile iliyoshinda tuzo kuu ya FESPACO, lile tamasha la Ouagadougou, mwaka 2021, nilichora sepeto peke yake, imeegemea ukuta, kivuli chake kirefu. Nililipenda sana. Kijana mmoja akalitazama, akasema lisiende upande wa hospitali. Sikuwa nimefikiri. Mgonjwa anayefika amebebwa kwenye mkokoteni asikutane na sepeto. Tulilitundika sokoni, na kwa njia ya hospitali nikachora lingine: jozi mbili za viatu mlangoni, vya mume na vya mke. Hilo la pili ndilo bora. Ufundi huu hufundishwa na barabara ambako bango litasimama, pamoja na watu watakaopita pale siku ambayo hawana haja ya filamu.

Onyesho likiisha gunia hushushwa. Mengine tunayahifadhi, mengine huombwa na majirani, nayo huziba upenyo kwenye paa au ua wa miiba, mchoro ukielekea ndani. Sijawahi kumkatalia mtu.

Anayesafiri kwenda Dadaab kutoka Garissa au Nairobi, akiwa na nafasi kwenye mzigo wake, na abebe kopo la rangi nyeupe ya mafuta. Nyeusi tunayo ya kutosha. Nyeupe ndiyo inayokwisha upesi, kwa sababu ya ule mstatili.