Pongezi kwa Jefferson Burdick

Kadi ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner ilichapwa ili kuuza sigara. Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilitia ndani ya pakiti zake vikadi vyenye picha za wachezaji wa besiboli, na mgongoni jina la sigara. Ya Wagner iliondolewa mapema, zikabaki chache mno. Mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Anayestahili pongezi kuliko bei hiyo, hata hivyo, ni mkusanyaji wa kadi, Jefferson Burdick wa Syracuse, New York.

Burdick hakuwa tajiri. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme, na baridi yabisi ilimkaza viungo miaka nenda rudi. Vipande vya matangazo ambavyo wengine walivitupa, yeye alivitafuta, akavipanga na kuviorodhesha. Herufi na namba za katalogi yake zingali zikitumika: mkusanyaji akitaja T206, T ikiwa ya tumbaku, wenzake hujua ni seti ile ya Wagner.

Kuanzia 1947 alitoa hazina yake yote, zaidi ya vipande 300,000, kwa jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York. Hakuuza. Tena alihamia huko avibandike mwenyewe kwenye albamu, kwa vidole vilivyopinda. Alimaliza Januari 1963, akafariki Machi. Kati ya vipande hivyo, kadi za besiboli pekee zapita 30,000, na Wagner yumo.