Nani Mwana wa Nani

Taveta ni mji ambao ukoo hauishii kwenye ramani. Holili ipo hapo ng'ambo, upande wa Tanzania, na mtu wa hapa ana shangazi Moshi, binamu Rombo, na mjomba ambaye hatajwi mbele ya wageni. Jumatano na Jumamosi, siku za soko, ndizi na habari huvuka mpaka pamoja. Mji wa namna hii unajua matanga ambapo, kabla jeneza halijateremshwa, mwanamke asiyefahamika anashuka garini na watoto watatu wenye paji la uso la marehemu. Kwanza hakuna anayesema neno. Wazee wanatazamana, na riwaya nzima imo katika kutazamana huko. Kumbuni mwanamke yule ni kazi rahisi. Ugumu uko kwa wale wazee: yupi alijua tangu mwanzo, na alinyamaza kwa faida ya nani?

Ndiyo sababu ninawapenda waandishi wa Kiswahili waliotambua kwamba taharuki kubwa inaanzia nyumbani. Ben Mtobwa na Elvis Musiba wanasisimua, na Joram Kiango na Willy Gamba wamewakeshesha wengi, lakini majasusi hao wanapigana na adui wa mbali. Mimi huvutwa zaidi na adui anayekula sahani moja nawe.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ndiye aliyefungua njia. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, inaanza na tajiri kukutwa amekufa penye mzimu. Kwa msomaji wa Taita Taveta hilo si pambo la hadithi. Vilimani Taita na Sagalla yapo mapango ya koo ambamo mafuvu ya wazee, yaliyofukuliwa baada ya maziko, yalipangwa kwa heshima. Aliyelelewa karibu na pango kama hilo anajua kwa nini wanakijiji hawathubutu kuutilia shaka mzimu. Abdulla anaijua hofu hiyo na haidhihaki. Anaiacha itande, kisha anamleta mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum.

Husemwa mara nyingi kwamba Bwana Msa ni mdogo wake Sherlock Holmes. Kufanana kupo, ila naona ufundi wa Abdulla uko pale anapoachana na Mwingereza huyo. Holmes hukagua majivu ya sigara na matope ya viatu. Bwana Msa huongea na watu, na katika riwaya zake fumbo hurudi tena na tena kwenye nasaba: nani mwana wa nani, nani alimlea, nani angerithi. Ni maswali ambayo bibi yeyote wa pwani angeyauliza barazani, kwa hiyo msomaji hayashuku. Ukweli unapita mbele ya macho yake umevaa nguo za salamu.

Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari mwingine, alichukua njia ya kinyume, na kwangu ndiye bingwa. Haifichi siri yake. Anakupa wewe msomaji, anawanyima wahusika, halafu anakulazimisha utazame. Katika Utengano, ya mwaka 1980, Bwana Maksuudi ni mwanasiasa mwenye heshima mjini na dhalimu nyumbani. Kazija anamnasa yeye na mwanawe Mussa, kila mmoja kwa wakati wake, na sisi tunaujua mtego tangu unapotegwa. Tunangoja tu mlango ugongwe. Asali Chungu inauma zaidi: Dude anaingia katika nyumba ya Zuberi bila kujua kwamba huyo ndiye aliyemzaa, na kwamba binti wa nyumba hiyo ni damu yake. Ziwa Chala halionyeshi mto unaoingia wala unaotoka, maji yake huja na kwenda chini kwa chini. Dhambi ya Zuberi nayo inasafiri hivyo, na Dude ndiye anayeibukia upande wa pili. Nikisoma kurasa zile namkumbuka Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi. Wayunani nao walikwenda kuitazama huku wakiujua mwisho. Kujua hakukuwapunguzia hofu.

Hapa sina budi kusema jambo linalonikera. Utengano iliwahi kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule za sekondari nchini Kenya, na wanafunzi wengi waliisoma kupitia miongozo: muhtasari wa kila sura, wahusika na sifa zao, maudhui yaliyopangwa kama bei za duka. Mwongozo hutangaza mwanzoni kile ambacho mwandishi alikipimia muda wake. Mwandishi akinipa siri mapema, amenipa mzigo niubebe. Mwongozo ukinipa, umenipunguzia kazi ya kusoma. Ninawajua watu wazima wanaoamini waliisoma Utengano na hawajawahi kusikia baridi ya chumba kile cha Kazija.

Ken Walibora naye alisomwa na wengi kupitia miongozo. Siku Njema, ya 1996, inamfuata Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji Zainabu Makame, akivuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Sadfa ni nyingi mno mle, nakiri. Watu hukutana pale hasa wanapohitajika. Lakini mji wa mpakani humsamehe Walibora upesi, kwa sababu swali la kijana yule, baba yangu ni nani na kwa nini hakuja, huulizwa hapa kwa sauti ya chini kila mwaka.

Kidagaa Kimemwozea ndiyo aliyoifuma kwa uangalifu zaidi. Kichanga kinaachwa mlangoni pa Amani, mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Mswada umeibwa na mwizi anasifiwa. Ardhi imechukuliwa, na mwenye haki ni huyo huyo anayechunga ng'ombe wa mnyang'anyi. Taveta, ambako mashamba makubwa ya mkonge yaliwaacha wenyeji wengi bila kipande cha karatasi chenye jina lao, riwaya hii haisomwi kama mambo ya watu wa mbali.

Anayeanza leo, namshauri aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, apate ladha ya kudanganywa kwa heshima. Kisha Kidagaa. Utengano aisome bila mwongozo, hata kama aliwahi kuifanyia mtihani. Asali Chungu iwe ya mwisho, na asimpe kijana wa miaka kumi na miwili. Akimaliza kila moja, arudi sura ya kwanza amkague mwandishi kama hakimu: je, alisema ukweli pale, mapema, au alificha karata mkononi? Abdulla nimemrudia hivyo mara nyingi, na kila mara nakuta swali la Bwana Msa lilikuwa pale pale, katikati ya salamu.