MWENYEJI ASIYE MWENYEJI
Maoni juu ya istilahi moja ya elimu ya wadudu

Katika maandishi juu ya kupambana na wadudu waharibifu kwa kutumia nyigu, mdudu anayetagiwa mayai na nyigu huitwa "mwenyeji". Istilahi hii imezoeleka, lakini kuzoeleka si kusadifu. Yafaa tuipime upya, maana inapotosha mara mbili.

Kwanza, neno hili ni la ukarimu. Tabora, penye njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, walijua vema maana yake. Mwaka 1857 Snay bin Amir aliwapokea Burton na Speke huko Kazeh. Wageni wakapumzika, wakaenda zao, na mwenyeji akabaki salama. Nyigu si mgeni wa namna hiyo. Yai lake huanguliwa ndani ya mdudu, na buu humla mdudu huyo mpaka afe. Kupe humnyonya ng'ombe, lakini hahitaji kifo chake ili akue. Buu wa nyigu hukihitaji.

Pili, na hili ni zito zaidi, mwenyeji ni mzaliwa wa mahali, kinyume cha mgeni. Dumuzi aliyevamia mahindi ya Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 asili yake ni Amerika ya Kati, na wakulima walimpa pia jina la malori, Scania. Nani angemwita mwenyeji?

Kosa hili laweza kuharibu kazi. Kidung'ata wa muhogo, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, alionekana Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye akafika Tanzania. Watafiti walipotafuta adui wake, kaskazini ya bara hilo walikuta kidung'ata aliyefanana naye sana, lakini nyigu wa huyo hawakumfaa yule wa Afrika. Mwaka 1981 kidung'ata mwenyewe alipatikana Paraguay, pamoja na nyigu Anagyrus lopezi, aliyeachiliwa Nigeria mwaka huo huo. Hata katika kumfuga nyigu huyu uchaguzi una uzito: katika vidung'ata wadogo hutaga zaidi mayai ya madume, na katika wakubwa mayai ya majike. Jike ndiye atagaye. Kituo chenye madume watupu hakina kazi.

Sasa mfasiri akiandika, "Nyigu wafugwe kwa wenyeji wakubwa," bwana shamba ataelewaje? Huenda akakusanya wadudu wakubwa wa asili ya wilaya yake, akangoja nyigu wasiotokea. Na mwanakijiji atafikiri wanatajwa wazee wa kijiji.

Tunapendekeza "mtagiwa", wingi "watagiwa", kutokana na kitenzi taga. Neno hili halisemi mdudu katoka wapi, wala halimsifu kwa ukarimu. Lasema tu analotendewa. "Nyigu wafugwe kwa watagiwa wakubwa" haina utata. Nyigu mwenyewe aitwe "kimelea kiuaji", ili "kimelea" pekee libaki kwa kupe na wenzake.

Watakaosema kwamba mtagiwa ni neno geni masikioni wana haki, lakini ugeni wa neno huisha kwa matumizi. Maana iliyopotoka hukomaa kwa matumizi hayo hayo. Tunawaomba walimu na wafasiri walijaribu neno hili darasani na shambani, kisha watuletee hukumu yao.