Kitenzi "Open" Kinywani mwa Mwanafunzi Mchina

Orodha ya msamiati iwekayo "open" upande mmoja na "kai" upande wa pili, isiongeze neno, humdhulumu mwanafunzi Mchina tangu siku ya kwanza. Ni kweli kwamba mlangoni vitenzi hivyo viwili hukutana: "kai men" ni kufungua mlango, wala hapana tatizo. Lakini Mchina hutumia "kai" hiyo hiyo kwa kuwasha taa, kuendesha gari na kufanya mkutano. Hata maji yakichemka na ua likichanua, "kai" ndiyo isemwayo. Basi mwanafunzi huyo akisema "open the light", hakubuni kitu. Ameiamini orodha aliyopewa.

Kosa la taa halina madhara makubwa, kwani msikilizaji huelewa. Huko Singapore msemo huo umekwisha kuzoeleka katika mazungumzo ya kila siku, hata si rahisi kuuita kosa. La mkutano ndilo zito. "Kai hui" ni kuwamo mkutanoni tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali kitenzi cha Kiingereza chataja ule mwanzo tu. Karani aandikaye kwamba mkuu wake "is opening a meeting", akikusudia kwamba yumo mkutanoni, amempa msomaji habari nyingine kabisa, tena kwa sarufi isiyo na dosari. Mwalimu asakaye makosa ya sarufi pekee atalipita.

Upande wa pili wa jambo hili husahauliwa mno. Kiingereza chatumia "open" kwa macho, kwa mdomo na kwa mwavuli. Kichina kina "zheng" kwa macho, "zhang" kwa mdomo na "cheng" kwa mwavuli. Sisi tusemao fumbua macho, funua kitabu na kunjua mwavuli hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Limebaki suala la umbo. Duka lililofungwa ni "closed", hivyo mwanafunzi hukisia kwamba lililo wazi ni "opened". Amekisia kwa akili. Kiingereza chenyewe ndicho kilichovunja ulinganifu, kwa kuwa hali ya kuwa wazi huelezwa kwa kivumishi "open", kisichotwaa kiambishi chochote. Kitenzi cha Kichina nacho hakibadili umbo kwa wakati wala kwa kauli, kwa hiyo lugha yake mwenyewe haiwezi kumwonya. Afadhali mwalimu aanze na mkutano na duka, taa aiache mwisho.